Lenzi Nyembamba za Tai

Mama mdogo wangu, aliyemfuata mama kwa kuzaliwa, alikuwa fundi wa miwani. Daktari wa macho alikaa chumba cha mbele cha duka, penye feni na chati ya herufi, akipima watu. Mama mdogo alikaa nyuma ya pazia na mashine yake ya kusaga, maji yakichuruzika juu ya jiwe, na vumbi jeupe la plastiki limemganda mpaka kwenye nyusi. Aliletewa lenzi ikiwa duara tupu, akaikata ifuate umbo la fremu, akahakikisha kwamba kitovu chake kinakaa sawasawa mbele ya mboni ya mwenye miwani. Kitovu ndipo pale katikati ya lenzi panapoonesha vizuri kuliko kwingine kote. Kikihama kidogo tu, mtu anarudi baada ya wiki akilalamika kichwa kinamgonga.

Ufundi huo alifundishwa na mzee mmoja mwenye kikohozi na ulimi mkali, ambaye hakumruhusu kugusa mashine mpaka aelewe jambo moja. Alimtoa uani na lenzi nene ya kukuzia, akamwambia akusanye mwanga wa jua ukutani uwe nukta. Mama mdogo alisogeza lenzi mbele, akarudisha nyuma, nukta hakuipata. Alipata doa lenye ukungu pembeni, na ukungu wenyewe una utepe wa rangi, mwekundu huku na bluu kule. Akadhani ni mkono wake unaotetemeka. Mzee alimwacha ahangaike mpaka jasho likamtoka, ndipo akaifunika ile lenzi kwa karatasi nyeusi yenye tundu katikati. Doa likakaza, likawa nukta kweli, ila hafifu.

Mzee akamweleza kwamba lenzi hutengenezwa kwa kusuguliwa, na vitu viwili vikisuguana muda mrefu huishia kuwa na mviringo kama kipande kilichokatwa kwenye mpira wa kuchezea. Ndilo umbo rahisi kwa fundi, lakini mwanga haujali urahisi wa fundi. Miale inayopita katikati hukutana mahali pamoja; inayopita kingoni hupindwa mno na kukutana mapema, kwa hiyo hakuna sehemu hata moja inapokutana yote. Tena mwanga mweupe ni rangi nyingi zilizofungwa pamoja, na lenzi huzipinda kila moja kwa kiasi chake, bluu zaidi ya nyekundu. Na ukitazama mshazari kupitia ukingo, ndipo mambo yanapoharibika kabisa: mistari ya wima yaweza kukaa sawa huku ya mlalo imetapakaa.

"Hakuna lenzi isiyokosea," mzee alimwambia. "Kazi yako wewe ni kulipeleka kosa mahali ambapo mwenye miwani hapatazami."

Mama mdogo alifanya kazi kwa neno hilo miaka mingi, na watu wakamsifu.

Mumewe, yaani baba mdogo, aliendesha kreni. Siyo zile za magurudumu, bali ile ndefu inayosimikwa kama mnara katikati ya jengo linalojengwa, yenye mkono mrefu juu na kibanda cha kioo ambamo dereva hukaa peke yake kutwa nzima. Kule saiti walimwita Tai, kwa kuwa hakuna kilichompita. Mtu akiacha koleo juu ya ukuta, Tai alimwona na kumsema kwenye redio ya mawasiliano. Nyumbani jina hilo lilikuwa kichekesho kikubwa, maana bila miwani Tai huyo aliwahi kulisalimia koti lililotundikwa mlangoni na kuliuliza habari za kwao.

Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni. Mbali hayakuona kitu. Miwani iliyomwezesha kufanya kazi ilikuwa nzito, lenzi zake zimebonyea katikati na kunenepa kingoni. Wenzake waliiita vitako vya chupa. Alicheka nao, lakini mama mdogo aliona jinsi alivyoivua haraka kila ilipotaka kupigwa picha, na jinsi alivyotoka kwenye picha hizo akitazama pembeni, hajui kamera iko wapi.

Basi dukani ikaingia plastiki ya namna mpya. Ilipinda mwanga kwa nguvu zaidi, kwa hiyo haikuhitaji unene. Mtu mwenye macho kama ya baba mdogo angeweza kuvaa lenzi nyembamba kama za watu wengine. Mama mdogo hakumwambia kitu. Aliagiza, akakata, akachagua fremu pana ya kisasa, akamkalisha mbele ya kioo cha kujitazamia na kumwambia atazame mbele, akapima, akarekebisha. Baba mdogo alijitazama kwa muda mrefu. Akageuza uso kulia, akageuza kushoto. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama kweli yule ndiye yeye.

Hiyo miwani ya zamani mama mdogo aliichukua akaiweka kwenye droo ya kazini, akikusudia kuitumia ile fremu siku nyingine.

Dalili zilikuwapo, sasa anasema hivyo. Baba mdogo alikosa ngazi ya mwisho akishuka barazani. Alimimina chai nje ya kikombe, akashangaa, akafuta. Mama mdogo alimwambia ni macho hayajazoea, yatazoea tu. Aliwaambia wateja wake hivyo kila siku na kwa kawaida ilikuwa kweli. Asubuhi moja, akivaa viatu, baba mdogo alisema kwamba leo kuna kazi ya roho mkononi: wanashusha ngazi za zege, zilizotengenezwa tayari, kwenye shimo lililo karibu kabisa na mnara wa kreni. Atakuwa anatazama chini ya miguu yake kutwa. Akachukua kofia yake ngumu, akaondoka.

Kabla ya saa za chakula aliingia dukani mshonaji mmoja, mama mtu mzima mwenye macho mabovu naye, aliyetengenezewa lenzi za plastiki ileile. Alikuja juu. Alisema akitazama mbele anaona raha, lakini akiinamisha macho kwenye cherehani, uzi mweupe unakuwa na upande wa bluu na upande wa njano, na sindano haijulikani iko wapi. Ameshajidunga.

Mama mdogo alitaka kumjibu kwamba atazoea. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini kwa heshima aliichukua ile miwani, akaenda nayo dirishani, akatazama vyuma vya dirisha kupitia katikati ya lenzi. Vilikuwa safi. Akaishusha lenzi taratibu huku akitazama vyuma vilevile kupitia ukingo wa chini. Kila chuma kikaota utepe wa rangi, bluu huku, njano kule, na vile vya mlalo vikatapakaa kama wino kwenye karatasi mbichi.

Plastiki hiyo, iliyopinda mwanga kwa nguvu, ilitawanya rangi kwa nguvu pia. Katikati kosa lilikuwa dogo mno kuonekana. Kingoni lilikuwa lote. Na yeye aliweka kitovu mbele ya macho ya watu waliokaa wima, wakitazama kioo cha kujitazamia.

Anasema kilichomjia hakikuwa wazo. Ilikuwa picha ya baba mdogo ameketi kule juu, sakafu ya kibanda ni kioo, shingo imenyooka, macho tu yameinama chini.

Alimpigia simu. Imezimwa, sheria ya saiti hairuhusu simu kuwashwa kibandani. Alipiga tena ilhali alijua. Namba ya msimamizi wa saiti hakuwa nayo. Akavuta droo, akatoa miwani ya zamani, akamwambia mshonaji asubiri au arudi kesho, vyovyote atakavyoona, akamwambia daktari kuna dharura, akatoka na aproni yake ya vumbi.

Saiti haikuwa mbali, ila barabara ilipinda, na kreni ilionekana juu ya mapaa muda wote. Alitembea akiitazama. Mkono wa kreni ulikuwa umesimama. Alijaribu kujituliza kwamba kusimama ni vizuri. Kisha akafikiria sababu za kreni kusimama katikati ya kazi, akaanza kukimbia, mwanamke wa makamo mwenye aproni, na watu wakampisha kama wanavyompisha mtu mwenye msiba.

Mlinzi wa getini alimjua lakini alimzuia: bila kofia hapiti mtu. Mama mdogo hakubishana. Aliinyakua kofia iliyokuwa juu ya kiti cha mlinzi mwenyewe, akaivaa, akapita.

Ndani hakukuwa na kelele, na hilo lilimtisha kuliko kelele. Mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa imezimwa. Watu wamesimama vikundi vikundi. Juu ya shimo, karibu na mguu wa mnara, ilining'inia ngazi nzima ya zege kwa nyaya za chuma, imeshuka mpaka kimo cha mtu, ikijizungusha polepole kwa upepo. Pembeni, juu ya mifuko ya saruji, alikaa mtoa ishara, kijana mwembamba mwenye fulana ya kung'aa, kiwiko kinamvuja damu.

Msimamizi, mtu mfupi mwenye redio ya upepo mkononi, alimwona akamjia. Alidhani mama mdogo ameleta habari za msiba wa nyumbani. Mama mdogo akamwuliza kwanza nini kimetokea hapa, na msimamizi akamweleza kwa haraka. Mtoa ishara alikuwa ndani ya shimo akiongoza kwa mikono. Alionesha kiganja, maana yake shusha. Kisha akaonesha ngumi, maana yake simama. Ngazi haikusimama. Ilizidi kushuka, na kijana akajirusha pembeni, nusura imbane ukutani. Ilisimama baada ya watu kupiga kelele kwenye redio. Tai amesema yeye alisimamisha mara tu alipoona ngumi, kwa hiyo breki ndiyo inachelewa. Fundi wa breki ameitwa. Mpaka afike hakuna anayethubutu kuisogeza, na upepo huu nao unaongezeka.

Mama mdogo alisikia neno breki, akaigusa miwani ya zamani mfukoni mwa aproni.

Aliniambia mimi mwenyewe, na hakujificha, kwamba hapo alipata nafasi ya kunyamaza. Ilikuwa wazi mbele yake. Fundi wa breki angekuja, angeikagua, angepata au asingepata kitu. Yeye angerudi dukani. Jioni angembadilishia mumewe miwani kimyakimya, na hakuna ambaye angejua kwamba Tai hakuona ngumi. Kazi yake ingebaki, jina lake lingebaki. Lakini ngazi ilikuwa hewani, na wakiambiwa breki ni nzima, kijana yule angerudishwa shimoni leo hii, na juu angekuwa ameketi mtu yuleyule mwenye miwani ileile.

"Kaka," alisema, "mwache fundi wa breki kwanza. Kosa liko kwenye miwani."

"Miwani gani, shemeji?"

"Ya mume wangu. Nimeitengeneza mimi."

Msimamizi aliinua macho akatazama kibanda, akamrudia. "Shemeji, yule ni Tai. Amekaa juu ya vichwa vyetu tangu msingi unachimbwa."

"Akitazama mbele anaona kama tai. Akitazama chini ya miguu yake hawezi kujua hii ni ngumi au ni kiganja."

 Msimamizi akaita kwenye redio, akamwuliza Tai anaonaje. Jibu likaja upesi, sauti ya mtu aliyeudhika: anaona vizuri, waangalie breki. Mama mdogo aliisikia sauti hiyo akajua kwamba baba mdogo hadanganyi. Aliamini kabisa kwamba ameona. Macho yaliletewa doa, na kichwa kikajaza kilichobaki kwa kile kilichotarajia kuona, nacho kilitarajia kiganja.

Msimamizi akamwita mtoa ishara, akamsimamisha chini kabisa ya mnara, mbali na ngazi, akamwambia anyooshe mkono juu.

"Tai," alisema kwenye redio. "Kijana amenyoosha vidole vingapi?"

Redio ikakoroma ikanyamaza.

Kila mtu pale chini alikuwa ameinua uso. Kibanda kilikuwa kidogo, kioo chake kimepigwa na jua, aliye ndani hakuonekana. Mama mdogo anasema alikuwa akiomba jambo moja tu moyoni, kwamba asibahatishe. Vidole vya mkono mmoja si vingi. Mtu akitaka kubahatisha anaweza kupatia. Na akipatia, nani atamsikiliza mkewe tena?

Kimya kile kilivuta mpaka msimamizi akainua redio kuita upya. Ndipo sauti ikatoka, na safari hii haikuwa ya kuudhika.

"Sivioni. Naona mkono, una rangi pembeni, vidole vimeungana." Redio ikakoroma. "Breki ni nzima. Ni mimi."

 Msimamizi alijipangusa uso kwa mkono mzima. Kisha upepo ukapiga turubai lililofunika mbao, na ngazi ikajizungusha, kona yake ikapita karibu na nondo zilizochomoza ukutani, na wote wakakumbuka kwamba mzigo bado uko hewani na mtu pekee wa kuushusha ni yule aliyesema haoni.

Mama mdogo alisema miwani ya zamani anayo; msimamizi akajibu kwamba mzigo ukiwa hewani hapandi mtu mnarani, akamuuliza kama kuna namna nyingine. Alijibu kwamba ipo: lenzi si mbovu yote, katikati ni nzuri. Akapewa redio. Hakujua kuitumia, msimamizi akambonyezea kitufe.

"Baba watoto, ni mimi."

"Wewe umefika hapo saa ngapi?"

"Niulize jioni. Sasa hivi usitazame chini kwa macho. Geuza kichwa chote. Kidevu kifuani, miwani ielekee chini, macho yabaki katikati ya kioo."

Walisikia akijaribu, kiti kikilia. Akasema mkanda unamzuia. Kuinama kiasi hicho hawezi bila kuufungua na kuachia vishikio. Msimamizi akatikisa kichwa. Hilo haliwezekani, mzigo ukiwa hewani dereva hafungui mkanda. Akawaza tena, akitazama mkono wa kreni ulivyonyooka juu yao. Kama Tai anaona mbele lakini haoni miguuni, basi mzigo utolewe miguuni upelekwe mbele, mwisho wa uwanja, anakoweza kuutazama bila kuinamisha macho. Ubaya ni njia ya kufika huko. Hapa karibu na mnara ataongozwa kwa sauti tu.

Uwanja ukaondolewa watu. Wapishi wa kibanda cha chakula walitolewa na masufuria wakayaacha jikoni. Watu wawili wenye nguvu walishika kamba iliyofungwa kwenye ngazi ili isizunguke, wakasimama mbali kadiri kamba ilivyoruhusu. Msimamizi akashika redio kwa mikono miwili.

Akasema pandisha. Nyaya zikakaza, ngazi ikatetemeka, ikapanda taratibu kama inayosita. Akasema basi, ikasimama palepale, na kila mtu akaona kwamba breki haikuwa na tatizo hata kidogo. Akasema peleka nje, polepole, na kigari cha juu kinachobeba nyaya kikaanza kutembea kwenye mkono wa kreni kikiuvuta mzigo kutoka mnarani. Kona ya ngazi ilifika kwenye nondo. Msimamizi akasema simama, akasema pandisha kidogo, kidogo, bado, bado, basi. Upepo ukausukuma mzigo na wale wawili wakaburuzwa, visigino vikichora mchanga. Mmoja alianguka kwa goti lakini kamba hakuiacha. Zege likaikwaruza nondo moja, likatoa mlio uliowaingia watu kwenye meno, likapita.

Baba mdogo alikuja kusimulia baadaye jinsi ilivyokuwa kule juu. Anasema alikuwa akishika vishikio na kusikia sauti, na miguuni mwake kulikuwa na kitu cha kijivu chenye ukingo wa bluu ambacho hakujua ni ngazi au ni kivuli cha ngazi. Akawa anakiamini kile anachoambiwa. Kisha mzigo ulivyozidi kwenda mbele ukaanza kupanda kwenye kioo cha miwani yake, rangi zikaanza kurudi ndani, kona zikajikaza, na ghafla akaiona ngazi, vipandio vyake vyote, mpaka alama za mbao kwenye zege. Akasema kwenye redio, "Nimeipata. Niachieni."

Msimamizi akamwachia. Ngazi ikasafiri mpaka mwisho wa uwanja, ikakaa juu ya magogo yaliyopangwa, bila kishindo. Nyaya zikalegea. Mmoja wa wale wa kamba akakaa chini mchangani akaanza kucheka peke yake.

Baba mdogo alishuka ule mnara kwa ngazi ya chuma, naye alishuka polepole sana, akipapasa kila kipandio kwa mguu. Alipofika chini hakumtazama mkewe. Alikwenda kwa mtoa ishara, akamshika mkono wenye kiwiko kibovu, akamwomba radhi mbele ya watu.  Kijana akasema yeye alikuwa ameshamtukana fundi wa breki matusi yote anayoyajua, na hata kumwona hajamwona. Watu wakacheka kwa pumzi walizokuwa wamezibana.

Ndipo mama mdogo akatoa miwani ya zamani kwenye mfuko wa aproni akampa. Baba mdogo aliivaa, akamkabidhi ile mpya, wakarudi nyumbani kwa miguu.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Kampuni ilimsimamisha kupanda, ikampeleka kupimwa kwingine, na kwa kipindi hicho alipewa kazi ya chini, kukagua kamba na minyororo. Waliomwita Tai waliendelea kumwita, lakini sasa baadhi yao walitabasamu wakitamka. Nyumbani alikula akanyamaza, akalala akanyamaza. Siku alipofungua mdomo alisema, "Umenivua nguo mbele ya watu wangu." Mama mdogo akamjibu kwamba nguo hizo alimvisha yeye, na zilikuwa mbovu. Hilo halikumaliza jambo, ila kimya kilivunjika.

Daktari wa dukani hakukasirika, wala hakujitetea. Alisema plastiki ile ni nzuri kwa watu wengi, na kichwa cha mtu kwa kawaida huzoea rangi za pembeni mpaka kisizione tena. Wao wawili walichokosa ni kumwuliza mtu anatazama wapi akiwa kazini. Wakaanza kuwaita wateja mmoja mmoja. Mshonaji alirudi, akabadilishiwa, akanuna mpaka mwisho.

Matokeo ya vipimo yalipokuja, yakasema baba mdogo anaweza kupanda kreni akiwa na miwani inayofaa kazi hiyo. Mama mdogo akaanza upya. Hakumkalisha tena mbele ya kioo cha kujitazamia. Aliweka kiti juu ya meza ya chakula, akamwambia mumewe apande akae kama kibandani, naye akalala chali sakafuni na kalamu ya wino, akimwelekeza amtazame yeye bila kuinamisha shingo, ili kila mara ainuke amwekee alama pale mboni zinapoangukia. Watoto walisimama mlangoni, wasijue wazazi wamepatwa na nini. Alipoinuka mara nyingine na kujigonga kichwa kwenye meza, baba mdogo alicheka mpaka kiti kikayumba, na mama mdogo, akiwa ameshika utosi, akapiga kelele kwamba akianguka huko hana wa kumlaumu ila mwenyewe.

Miwani hiyo ilikuwa na sura mbaya kuliko ya kwanza. Plastiki nene ya zamani isiyotawanya rangi sana, fremu ndogo ya mviringo ili kingo zikatwe zisiwepo, na kitovu kimeshushwa chini. Kwa kuwa kosa halikosi pa kukaa, lilihamia juu: akitaka kuona mbele sawasawa ilimbidi ainue kidevu. Alitembea mtaani hivyo, kidevu juu, na majirani wakaambiana kwamba amepandishwa cheo ndiyo maana anajisikia. Hakuwarekebisha.

Alirudi kibandani, na ngazi zile za zege zikashushwa zote shimoni, mtoa ishara akiwa yuleyule. Mama mdogo hakwenda kutazama. Siku hiyo alisaga lenzi na kuziharibu mbili, akaacha kazi akakaa uani nyuma ya duka hadi aliposikia mlango wa duka na kumwona mumewe amesimama na vumbi lake, akiuliza kama kuna chai.

Jengo lile limekwisha siku nyingi, watu wanaishi humo. Baba mdogo ameomba mwenyewe kushuka chini na sasa anafundisha watoa ishara, na husemwa kuwa mkali mno juu ya ngumi na kiganja. Lakini mle ndani ya nyumba kesi haijafungwa. Nilikuwa kwao hivi karibuni, na baba mdogo akaanza tena kuieleza, akasema hata hivyo mke mwenye busara angempigia msimamizi simu, asingekuja kukimbia na aproni.

"Namba ya msimamizi umewahi kunipa?" mama mdogo akauliza kutoka jikoni.

Baba mdogo akainua kidevu chake, akanitazama mimi, akanisukumia sahani nile.